Kuacha na Kuachia

Yapo maneno tuliyoyazoea mno hata hatuyatazami tena. Neno "acha" ni mojawapo. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, kwa kuwa ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayoambiwa: acha kulia, acha kula udongo, mwache mwenzako. Mzee naye husindikizwa nalo makaburini, maana siku hiyo majirani husema, "Ametuacha," na msomaji wa wasifu wa marehemu husoma kwamba ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Kati ya siku hizo mbili binadamu huacha na huachwa mara nyingi zisizo na hesabu.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaandaa walimu chuoni, na kila tulipofika kwenye somo la minyambuliko ya vitenzi nilipenda kuwapa wanachuo kitenzi hiki wakichambue. Walianza kwa kuhesabu viambishi, lakini haikupita nusu saa kabla hawajaanza kubishana juu ya haki na dhuluma. Swali lililokuwa likizuka katika mabishano yale ndilo ninalotaka kulitafakari hapa, ndugu msomaji. Mtu anapoacha jambo baya, je, amemaliza? Kusimamisha ubaya kwatosha, au kuna deni linalobaki?

Kabla ya kujibu, hebu tuwatazame kwanza ndugu wa neno hili, kwa sababu Kiswahili hakina neno moja tu la kutaja mwisho wa mwendo au wa tendo.

Kwanza kuna "simama". Ajabu yake ni kuwa neno hilo hilo lina maana ya kutokwenda na maana ya kuwa wima. Gari lililosimama halikuanguka. Lipo, linangoja, na laweza kuondoka tena. Ndiyo maana mtu mwenye msimamo si mtu aliyekwama, bali ni mtu asiyeyumba. Kuna "sita", yaani kusimama kwa moyo kabla ya kusimama kwa miguu. Kuna "tua", neno la mbeba mzigo, na mahali anapotua ndipo panapoitwa kituo. Abiria wa daladala, awe anashuka Magomeni Mapipa au Mtoni kwa Aziz Ali, hamwambii kondakta "simama", humwambia "shusha". Hana haja na kusimama kwa gari, haja yake ni kutua. Kuna pia "katika", kwa mambo yanayofika mwisho bila kutuomba ruhusa: mvua imekatika, maji yamekatika, umeme umekatika.

Halafu kuna "koma". Hili ni neno kali. Mtoto anayechapwa hulia, "Nimekoma, mwalimu, sirudii tena!" Hasemi "nimeacha", naye yu sahihi kabisa katika lugha yake, kwa sababu kuacha ni kwa hiari, na kukoma huweza kuwa kwa kufikishwa mwisho na mwingine. Fimbo inaweza kumkomesha mtoto. Kumfanya aache haiwezi. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni ziliweka idadi isizidi vinne, lakini hakuna kanuni iliyowahi kutaja ni viboko vingapi vinavyomgeuza aliyekoma kuwa aliyeacha. Katika uandishi tunayo koma nyingine, ile alama ndogo ya kumpumzisha msomaji katikati ya sentensi. Koma hiyo imetoka ugenini na haina undugu na hii yetu. Hata hivyo wanachuo walikuwa wakicheka kwamba koma ya fimbo inafanana sana na koma ya karatasi: mtoto hupumua kidogo, kisha sentensi huendelea pale pale ilipoishia.

Sasa turudi kwenye "acha". Neno hili linatofautiana na ndugu zake wote kwa jambo moja. Simama, koma na sita yanamtaja mtu peke yake na mwendo wake. Acha daima huonyesha kidole upande wa pili, kwa kuwa huwezi kuacha tu. Ni lazima uache kitu, au uache mtu. Tena kitenzi hiki kikinyambuliwa, kila kiambishi huuliza swali. Achwa na achishwa huuliza: ni nani hasa aliyetenda? Achana huuliza: mmekubaliana? Achia huuliza: nani amebaki na nini mkononi? Maswali hayo ya sarufi ndiyo maswali ya maadili.

Tuanze na kuachisha. Mama humwachisha mtoto ziwa, na hapo neno ni jema. Lakini mama mwenye busara hamwachishi mwanawe ziwa kabla ya kumzoesha uji. Naomba msomaji aukumbuke uji huo, maana tutauhitaji tena mbele ya safari.

Yupo mwingine anayeachishwa bila uji. Katika madaftari ya mahudhurio ya shule zetu, kwa miaka mingi, msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni. Ukipita mtaani, iwe Tandale au Keko, ungesikia watu wakisema, "Binti wa fulani ameacha shule." Sikiliza vizuri sentensi hiyo. Kisarufi binti ndiye mtenda. Ni kama vile aliamka asubuhi, akatafakari, akaona shule haimfai. Ukweli ni kwamba aliachishwa. Tofauti ya "ameacha" na "ameachishwa" ni silabi chache tu, lakini silabi hizo zikidondoshwa, lawama humhama aliyetenda na kumwangukia aliyetendwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata mimba, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wengi walilitazama tangazo lile kama jambo la utawala wa elimu. Mimi nililisikia pia kama usahihisho wa sarufi: Taifa lilikuwa limekiri kwamba binti yule hakuacha.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wafanyakazi wa viwandani katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa. Wengi walipewa barua, wakarudi nyumbani kabla ya wakati wao. Mtoto alipoulizwa na wenzake alijibu, "Baba ameacha kazi." Baba alinyamaza. Hakuwa ameacha kitu. Kazi ndiyo iliyomwacha, kama basi linavyomwacha abiria kituoni. Basi, jambo la kwanza tunalofundishwa na neno hili ni kwamba kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu kwa kuacha, tuulize kwanza kama ni yeye aliyeacha.

Jambo la pili ni zito zaidi. Neno "acha" lina maana ya kusitisha, na vilevile lina maana ya kuruhusu. "Acha kupiga" ni katazo. "Acha apige" ni ruhusa. Kitenzi ni kimoja, na matokeo yake ni mbingu na ardhi. Chukua mfano ambao mkazi yeyote wa mitaa yetu ameuona au ameusimuliwa. Imepigwa kelele ya mwizi. Kijana amekamatwa, watu wamejaa, mawe yameokotwa, mmoja amekwenda kutafuta mafuta. Mama mmoja muuza maandazi anapenya katikati na kupaza sauti, "Mwacheni!" Pembeni amesimama bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, na mwanawe anapomwuliza kuna nini, anamshika mkono na kumwambia, "Achana nao, twende zetu." Wote wawili wametumia kitenzi kimoja. Mama ametaka mkono wa watu uache. Bwana ameuacha mkono wa watu ufanye utakavyo. Kesho yake gazeti litaandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, na bwana yule ataapa, kwa haki kabisa, kwamba yeye hakurusha hata jiwe moja. Lakini lugha haimwachilii kwa urahisi hivyo. Inamwambia: hukutenda, lakini uliacha.

Hali ni hiyo hiyo usiku, kilio cha mwanamke anayepigwa kinapovuka ukuta. Jirani hugeuka kitandani na kusema, "Waache, hayo ni mambo yao ya ndani." Katika nyumba zetu za vyumba sita zenye ukumbi mmoja na choo kimoja, sijui mambo ya ndani huanzia wapi na huishia wapi. Anayesema "waache" hudhani kwamba amejitoa katika jambo. Kumbe ameingia, maana ametoa ruhusa.

Tufike sasa kwenye "achia", ambapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kiambishi kile kidogo cha "i" kinaingiza mtu wa tatu katika tendo. Nikisema nimeacha nyumba, nimezungumza habari zangu na za nyumba. Nikisema nimemwachia nyumba, lazima utajwe mtu wa kupokea. Ni maoni yangu kwamba kuacha kwetu kwingi ni nusu ya tendo, na kwamba nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuachia.

Tazama ndoa. Mume alikuwa akisema, "Nimemwacha," na jambo likawa limekwisha; mwanamke akafunga nguo zake katika kanga na kurudi kwao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliingiza maswali katikati ya kuacha huko. Iliagiza kwamba kwa kawaida ugomvi upitie kwanza baraza la usuluhishi, ikaweka talaka katika uamuzi wa mahakama, na ikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma pamoja. Pakabaki swali: mke aliyekuwa jikoni miaka yote hiyo, alichuma nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika upatikanaji wa mali hiyo. Kwa lugha yetu ya leo, mahakama ilisema kuwa huwezi kumwacha bila kuulizwa umemwachia nini.

Mfano mkubwa kuliko wote upo katika historia ya pwani yetu, nao ni wa utumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Watoto shuleni hufundishwa kwamba hapo biashara ya utumwa ilikomeshwa, na wengi hudhani utumwa wenyewe nao uliisha siku hiyo. Haukuisha. Kilichokatazwa ni kuuza na kusafirisha watu. Waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kulima mikarafuu ya mabwana zao. Ilipita miaka 24 hadi amri ya mwaka 1897 ilipoiondolea hali ya utumwa nguvu za kisheria huko Unguja na Pemba, na hata hapo masuria hawakuhesabiwa hadi mwaka 1909. Huku Bara, sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Kati ya kukataza kwa Barghash na kukoma kisheria huku Tanganyika imepita miaka 49. Mtu aweza kuzaliwa, kuzaa, na kuona wajukuu katika muda huo.

Lakini si urefu wa muda tu unaonisumbua, bali namna uhuru ulivyotolewa. Amri ile ya mwaka 1897 haikumwachia huru mtumwa pale alipokuwa. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na akishapewa, aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia ilitolewa, naam, lakini ilitolewa kwa bwana. Hapa ndipo ninapourudia uji wa mama. Mtoto aliachishwa ziwa, na uji akapewa aliyekuwa akimnyonya jasho. Ndiyo sababu wengi walibaki kuishi kwenye mashamba yale yale, wakifanya kazi kwa mabwana wale wale. Utumwa uliachwa, watumwa hawakuachiwa kitu. Ukiuliza kwa nini chuki na unyonge vilidumu vizazi baada ya neno utumwa kufutwa katika sheria, sehemu moja ya jibu ipo kwenye kiambishi hicho kilichokosekana.

Katika uongozi pia lugha yetu imekuwa makini. Tunayo maneno kadhaa kwa kiongozi anayeondoka madarakani, na hayalingani. Kuna kustaafu, ambako ni kwa umri: mtumishi wa umma huruhusiwa kwa hiari akifika miaka 55, na hulazimika akifika 60. Hakuna sifa kubwa hapo, kalenda ndiyo iliyotenda. Kuna kujiuzulu, na hapo kiambishi cha "ji" kinasema kwamba mtu amejiondoa mwenyewe. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa maovu yaliyotendwa mkoani Shinyanga na watumishi waliokuwa chini ya dhamana yake, ingawa mkono wake haukuwamo. Na kuna kung'atuka, neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilileta katika Kiswahili. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi urais huyo huyo Mwinyi, akiwa bado na nguvu na bila ya kusukumwa na mtu. Uenyekiti wa Chama aliuachia baadaye, mwaka 1990. Wapo wanaosema miaka ile mitano ilikuwa uji wa kumzoesha mtoto. Wapo wanaosema ziwa lenyewe lilikuwa halijaachishwa. Sitaki kuwaamulia. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya kuachia, wala si juu ya kuacha, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Magazeti nayo yana msemo wao kwamba kiongozi "ameachia ngazi". Msemo huo unanipendeza, kwa sababu aliyeshikilia ngazi juu huwazuia wote walio chini yake, na akiiachia vibaya huwaangukia.

Najua mtu anaweza kunipinga hapa. Atasema, "Mwalimu, ukimwekea mlevi masharti yote hayo, hataacha pombe kamwe. Mwache aache kwanza." Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu yake. Ovu halingoji hesabu zikamilike. Mkono ulioinuliwa kupiga ushushwe sasa hivi, na mengine yafuate. Bandu bandu humaliza gogo, na siku ya kwanza ya kuacha ni bandu moja yenye heshima yake. Ninachokataa ni kuiita bandu gogo. Mlevi aliyeacha pombe leo ameacha kweli, na tumpongeze bila kinyongo. Lakini karo aliyoinywa miaka kumi haikurudi kwa kuwa chupa imewekwa chini. Mwanawe aliyekosa shule bado yupo, amesimama mlangoni, naye hana la kufanya na pongezi zetu. Na huyo mtoto asilazimishwe kusema kwamba yamekwisha. Kumwachilia baba yake deni ni haki yake mwenyewe, aitoe akipenda na wakati apendao.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba kuacha ovu ni wajibu, lakini hakutoshi. Kila aliyeacha anadaiwa majibu matatu: je, ni wewe uliyeacha au ulikomeshwa? Ulipoacha, je, ulisitisha ubaya au uliuruhusu upite kwa mkono wa mwingine? Na yule uliyemwacha, umemwachia nini?

Katika mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke utaona nyumba zilizoandikwa ukutani kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mpita njia mgeni hushangaa, kwa nini mtu atangaze asichouza. Mwenyeji anaelewa. Mara nyingi nyuma ya maandishi hayo yupo marehemu ambaye wasifu wake ulisema kwamba aliacha nyumba, aliacha mke, aliacha watoto, lakini hakuna karatasi wala mashahidi wa kuonyesha nani alimwachia nani. Sasa ndugu wanatazamana kwa jicho la pembe, dalali anapita jioni, na mjane ameomba rangi kwa jirani ili ukuta useme badala yake. Marehemu huyo hakuwa mtu mbaya. Aliacha tu, kama wengi wetu tutakavyoacha. Tuliobaki na pumzi bado tunayo nafasi ya kukinyambua kitenzi chetu kabla wengine hawajatusomea, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya karatasi moja, kalamu, mashahidi waaminifu, na moyo wa kuwataja kwa majina wote tunaowadai na wanaotudai.